Nimeokoka kwa neema: je, bado nahitaji Mithali?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Nimeokoka kwa neema. Mwenzangu kazini alinisingizia, na dada mmoja kanisani akanisomea Mithali 25:21, kwamba adui akiwa na njaa nimpe chakula. Je, hayo si mambo ya agano la kale? Nikiyashika, si ninarudi kujihesabia haki kwa matendo?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Pole kwa kusingiziwa; najua inavyouma.

Maneno aliyokusomea dada huyo yamo pia katika Agano Jipya. Fungua Warumi 12:20, utamkuta Paulo akiyanukuu. Na huyu ndiye Paulo aliyetumia sura nzima za waraka huohuo kufundisha kwamba hakuna ahesabiwaye haki kwa matendo ya sheria. Alipomaliza kuieleza neema, akafika mahali pa kuwaambia waliookoka waishije, akaifungua Mithali. Si yeye peke yake. Yakobo na Petro wote wawili wananukuu Mithali 3:34, kwamba Mungu huwapinga wenye kiburi na kuwapa neema wanyenyekevu. Waebrania 12 nayo inachukua Mithali 3:11-12 kuwafariji waliokuwa wakirudiwa, yaani wakiadibishwa, na Bwana.

Tena uzi huu wa kumtendea adui wema ni mrefu kuliko Mithali. Kutoka 23:4-5 iliagiza kwamba ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, umrudishie. Na punda wa anayekuchukia akilemewa na mzigo, usipite tu, umsaidie. Elisha naye alipowapata askari wa Shamu mkononi, mfalme wa Israeli akauliza kama awapige. Nabii akakataa, akaamuru wapewe chakula na maji. Wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudi kwa bwana wao, na vikosi vya Shamu havikuja tena nchini (2 Wafalme 6:21-23). Kwa hiyo Bwana Yesu aliposema "wapendeni adui zenu", hakuwa akiitupa hekima ya Waebrania. Aliitimiliza, na msalabani akaiishi mwenyewe, akiwaombea waliomsulubisha.

Kuna jambo moja hapo ambalo wengi hulipita. Mithali 25:22 inaendelea, "Na BWANA atakupa thawabu." Paulo anaishia kwenye maneno yaliyo kabla ya hayo, kwamba ukimlisha adui utampalia makaa ya moto kichwani; habari ya thawabu haitaji. Badala yake anasema, "Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema." Sisemi kwamba aliikana thawabu. Lakini naona hapo jibu la hofu yako: unayemtendea adui wema hufanyi biashara na Mungu. Umekwisha kupokea rehema, na Warumi 12 inaanza hivyohivyo, "kwa huruma zake Mungu". Anayejihesabia haki hutenda mema ili akubaliwe. Wewe unatenda kwa sababu umekubaliwa. Waefeso 2:8-10 inayaweka yote mawili pamoja: tumeokolewa kwa neema, tukaumbwa katika Kristo tutende matendo mema.

Ama yale makaa, wapo wanaoyageuza kuwa kisasi cha kistaarabu: mlishe ili aumie. Sikubaliani nao hata kidogo. Warumi 12:19 imekwisha kukataza kisasi, na Mithali 24:17 inakataza hata kufurahi adui akianguka. Mimi nayaelewa kuwa ni aibu inayomchoma mtu dhamiri hadi atubu.

Sasa turudi kwa mwenzako. Kumtendea wema si kukubali uongo wake. Kama jina lako limechafuliwa, eleza ukweli mbele ya wakuu wa kazi, bila kuongeza chumvi. Usingoje moyo upoe ndipo uanze. Mithali inazungumzia mkate na maji, vitu ambavyo mkono unaweza kuvitoa moyo ukiwa bado unauguza. Akikwama kwenye kazi unayoijua, msaidie kama ambavyo ungemsaidia mtu mwingine yeyote pale. Na usiku ukipiga magoti, mtaje kwa jina.