Kabla ya Ramadhani tuanzie wapi?

SWALI: Bi Muuguzi, shikamoo. Kikundi chetu cha kina mama hapa Ngamiani, Tanga, kinataka kushirikiana na msikiti na zahanati kuwafikia wenye kisukari kabla ya mfungo. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzeni kwa imamu, tena mwezi wa Rajabu, ili mgonjwa awahi kupangiwa dozi upya na daktari wake. Imamu aseme mwenyewe kwamba kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Niliwahi kumwona mzee ameficha mkono ndani ya kanzu. Nesi alimweleza mara tatu, wapi! Imamu aliposema mara moja tu, mzee akanyoosha kidole.

Nesi naye aeleze: kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L au kikipita 16.7 mmol/L, mtu afungue hapo hapo, hata kama magharibi imebaki dakika kumi.

Ninyi shikeni jikoni, maana futari mnaipika ninyi. Kaimati za shira na tambi za sukari zipungue. Daku iliwe karibu na alfajiri. Karatasi za kugawa mimi sizipendi. Pakueni sahani moja mbele yao, waone kiasi cha muhogo kwa macho.