Gia za usukani kwenye 504: injini nayo hucheza

Nina Peugeot 504 saluni ya marehemu baba, ya gia za usukani, yaani mkono wa gia uko kwenye shina la usukani, si sakafuni. Injini yake ilipochoka nikaitia ya Hiace ya dizeli pamoja na giaboksi yake, maana Hiace za zamani nazo zilikuwa na gia za usukani. Nikajua kazi ni rodi mbili tu za kuunganisha usukani na giaboksi, moja ya kuchagua njia ya gia, nyingine ya kuiingiza. Ilinichukua miezi miwili.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Nilipima na kuchomelea rodi injini ikiwa imekalia vipande vya mbao. Ilipofungwa kwenye mauntingi zake, yaani vikalio vyake vya mpira, ilishuka kama sentimita mbili, na vipimo vyangu vyote vikaenda arijojo. Funga injini kabisa kwanza, kisha tengeneza mfano wa rodi kwa waya mgumu kabla hujagusa chuma.

Mwelekeo ukija kinyume, yaani unatia ya kwanza inaingia ya pili, usibomoe kitu. Geuza mkono wa giaboksi, yaani kile kipande kinachosukumwa na rodi, utazame juu badala ya chini. Msukumo uleule utauzungusha upande wa pili.

Urefu wa mikono, huo na mwenzake wa kwenye usukani, ndio uliniumiza kichwa. Mkono wa kwenye usukani ulikuwa milimita 60, wa giaboksi 90. Gia ilikuwa laini ajabu, nami nikafurahi, kumbe mkono mrefu ulikuwa unazunguka kidogo tu na gia inaingia nusu. Nikaukata wa giaboksi hadi 65. Sasa gia ni nzito kidogo, lakini unasikia "tak!" ikikaa.

Basi nikaenda kuijaribu. Kwenye kilima cha Mazeras, malori nyuma yangu, nimekanyaga mafuta, gia ya pili ikaruka. Nikairudisha, ikaruka tena. Nikaipanda Mazeras nimeishikilia kwa mkono.

"Bosi, gia haina kosa," fundi aliniambia gereji. Akafungua boneti, akaniambia nitie moto na kupiga resi. "Tazama injini inavyocheza ngoma."

Kweli. Injini ikivuta hulalia upande mmoja juu ya mpira wa mauntingi, lakini usukani umefungwa kwenye bodi, hausogei. Rodi yangu iliteremka mshazari moja kwa moja hadi giaboksi, kwa hiyo kila injini ilipoinama iliivuta rodi na kuichomoa gia. Tukafunga kwenye bodi kipande cha umbo la L kinachozunguka kwenye pini: rodi fupi inashuka kutoka usukani, kisha nyingine ndefu inakwenda sambamba na giaboksi kuelekea nyuma. Injini ikiinama, rodi hiyo ndefu huyumba kidogo tu bila kuvutwa. Ncha zake tulizitia bol jointi ndogo (viungo vya kichwa cha duara), moja thredi ya kulia, nyingine ya kushoto, ili niweze kuirefusha au kuifupisha kwa kuizungusha tu, halafu nakaza lokinati, nati ya kuizuia isilegee.

Mazeras sasa napanda kwa ya pili nikiwa na mkono mmoja dirishani. Rivasi ndiyo bado inataka kubembelezwa asubuhi.