Maswali ya Wasomaji: Kalamu Bahili na Wino Unaoifaa

Swali: Ndugu mwandishi, nilipopandishwa cheo wenzangu walinizawadia kalamu ya kujaza wino yenye nibu nyembamba. Nilinunua chupa ya wino mweusi wa kudumu, ule wa chembechembe, nikaijaza kwa furaha. Sasa imenichosha. Herufi ya kwanza ya neno haitoki, na nikisita kidogo kufikiri nakuta nibu imekauka. Je, ninunue kalamu nyingine? — *Karani wa masijala*

Jibu: Usinunue kalamu bado, badilisha wino kwanza. Ninaletewa malalamiko ya aina hii mara kwa mara, na mara nyingi kalamu inayolaumiwa haina kosa lolote isipokuwa kuozeshwa wino usioifaa.

Wino hauteremki kwenye kalamu kama maji ya bomba. Unavutwa na mwanya mwembamba uliopasua nibu katikati, na kila kiasi kinachotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa inayoingia. Hewa ikikwama wino haushuki, na ikiingia ovyo wino unamwagika. Ndiyo maana hataza aliyopewa Lewis Waterman wa New York mwaka 1884 ilikuwa na uzito mkubwa: ilihusu kile kipande chenye vijifereji kilicho chini ya nibu, ambacho huteremsha wino na kupitisha hewa kwa wakati mmoja. Ukigeuza kalamu yako utakiona, na hadi leo kinafanya kazi ileile.

Kwa kuwa vijifereji na mianya hiyo haifanani, zipo kalamu karimu zinazolowesha karatasi na zipo kalamu bahili zinazotoa wino kwa kubana. Wino nao una tabia zake. Wino wa Pilot uitwao Iroshizuku hutiririka kwa wepesi, ilhali Pelikan 4001 unajulikana kwa ukavu wake. Kanuni ninayoifuata ni kuipa kalamu bahili wino mwepesi, na kuipa kalamu karimu wino mkavu utakaoizuia. Wewe umefanya kinyume: umeichukua nibu nyembamba, ambayo kwa kawaida hubana, ukaipa wino wenye chembe ngumu ndogo sana, ambao hukauka nibuni usipofunikwa.

Hapa mezani pangu zipo kalamu mbili, moja ya nibu pana na nyingine ya nibu nyembamba. Kwa muda mrefu ile nyembamba ilikuwa na Pelikan 4001 wa buluu, na mstari wake ulitoka umepauka kama wa penseli ngumu, huku ile pana, iliyokuwa na wino mwepesi, ikiacha kila kitanzi cha herufi kimejaa kidimbwi. Siku nilipobadilishana wino, zote mbili zilitulia, na sikugusa kitu kingine chochote.

Kwa hiyo ioshe kalamu yako kwa maji ya kawaida, yasiwe ya moto wala spiriti, ukiyavuta na kuyatoa kwa pampu yake mpaka yatoke meupe. Kisha, kabla ya kuijaza wino mwingine, chovya nibu kwenye kidau na uandike nusu ukurasa. Usiutolee hukumu mstari wa kwanza, maana vijifereji vimetoka kunywa na kila wino huonekana mkarimu kwa muda huo. Angalia mstari wa tano na kuendelea. Ikiwa hata wino mwepesi unaruka herufi ya kwanza, tazama ncha ya nibu kwa kioo cha kukuzia. Pengine imesuguliwa kupita kiasi kiwandani, kingo za ndani za ule mwanya zikapinda kwa juu, na wino haufiki pale karatasi inapoguswa. Hiyo ni kazi ya fundi, na ninakusihi usiipeleke kwenye msasa.

Swali: Mimi ni mwalimu na ninatumia mkono wa kushoto. Kiganja changu hupita juu ya maandishi mabichi, na madaftari ya wanafunzi yanachafuka. Je, kalamu hizi ziliumbiwa watu wa mkono wa kulia peke yao? — *Mwalimu wa sekondari*

Jibu: La hasha, Mwalimu, ila wewe una sababu ya kuchagua kwa uangalifu zaidi kuliko sisi wengine. Chukua nibu nyembamba, kwa maana kinachokawia kukauka ni wingi wa wino. Nibu iliyoandikwa F, yaani nyembamba, kutoka Japani kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Ulaya, kwa hiyo zifananishe kwa macho badala ya kuitegemea herufi hiyo. Epuka wino unaong'aa kama ganda la mende, kwani mng'ao huo ni rangi iliyotanda juu ya karatasi bila kunywewa, na unaweza kupakaza hata kesho yake ukiugusa kwa kidole chenye jasho.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni karatasi. Karatasi laini iliyopakwa gundi nyingi, ambayo sisi wapenda kalamu tunaisifu kwa kuonyesha rangi vizuri, ndiyo adui yako. Daftari la kawaida linalofyonza litakufaa zaidi, hata kama mstari utanenepa kidogo. Weka pia kipande cha kikaushio chini ya kiganja.

Haja ya wino unaokauka upesi si ngeni. Kampuni ya Parker ilipoitoa Parker 51 mwaka 1941, iliifunika nibu karibu yote ili isikauke, kwa sababu ilikusudiwa kutumia wino maalumu wenye alkali nyingi uliokauka karibu papo hapo. Wino huo ulikuwa mkali kiasi cha kudhuru kalamu nyingine, na wenyewe walionya usitiwe kwingine. Ukiipata chupa yake ya zamani, iweke kabatini kama kumbukumbu.

Swali: Ninaandika kumbukumbu za familia ambazo ningependa zisomwe na wajukuu. Nitumie wino gani? Rafiki yangu amenipa ule wa kuchorea. — *Bibi mstaafu*

Jibu: Shikamoo Bibi. Huo wa kuchorea, tafadhali, usiutie kwenye kalamu hata tone moja. Wino wa wachoraji wenye shelaki, utomvu unaokauka kama vanishi, hugeuka gamba ndani ya vijifereji, na maji hayalitoi. Uutumie kwa kalamu ya kuchovya tu.

Wino wa kawaida, wa rangi iliyoyeyushwa majini, huoshwa na maji, na mwingi hufifia kwenye mwanga. Ulio na chembechembe, kama Carbon Black wa Platinum, hauogopi kimojawapo kati ya hivyo, lakini unataka kalamu inayotumika kila siku na kufunikwa vizuri. Mimi ningekupendekezea wino wa chuma na tanini, ile dutu kali ya mimea. Huandikwa ukiwa wa buluu, kwa ajili ya rangi iliyoongezwa ili maandishi yaonekane, kisha chuma hukutana na hewa na mstari ukaanza kuwa mweusi taratibu mbele ya macho yako. Uandike barua asubuhi, uitazame tena jioni. Sijui burudani nyingine ya bei hiyo. Kwa kuwa una asidi, chagua ule uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu za kujaza, usiuchanganye na wino mwingine wowote, na uioshe kalamu kila baada ya wiki chache hata kama haijaisha.

Swali: Kalamu yangu ilivuja ndani ya ndege na kuharibu shati. Kwa nini? — *Msafiri*

Jibu: Kwa sababu ilikuwa nusu. Ndege inapopaa, shinikizo la hewa ndani yake hupungua, na hewa iliyobaki kwenye tangi la kalamu hutanuka ikausukuma wino nje. Panda na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu, na usiifungue mpaka ndege imalize kupanda.