Quiet Riot: mdomo uliponza kichwa
Mkuu, umeuliza kwa nini Quiet Riot, ile bendi ya roki ya Marekani, walivuma ghafla kisha wakapotea. Wengi watakuambia walifunikwa na Nirvana, bendi ya roki iliyovuma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapi! Hawa walishaporomoka zamani. Novemba 1983 albamu yao Metal Health iliwang'oa bendi ya The Police kileleni mwa chati ya albamu Marekani, ya kwanza ya hevi metali (roki nzito ya magitaa makali) kushika namba 1 kule. Ila wimbo uliowabeba haukuwa wao, ulikuwa wa Slade, bendi ya Waingereza. Mwaka 1984 wakarudi na nini? Wimbo mwingine wa Slade! Halafu Kevin DuBrow, mwimbaji wao wa suruali za kubana zenye mistari, mdomo wake haukuwa na breki: aliwaponda wanamuziki wenzake magazetini hadi bendi yenyewe ikamtimua 1987. Ila ule upigaji dramu wa Frankie Banali, mpiga dramu wao, mpaka leo unanikosha.