Uliwahi kuvuja damu baada ya kujifungua? Waambie mapema

Pole sana, mdogo wangu. Umesema uzazi wa kwanza ulivuja damu nyingi, sasa una mimba ya miezi saba na umesikia habari za "mfuko wa kupimia damu".

Upo kweli. Ni plastiki angavu inayowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Damu inatiririka humo na mkunga anasoma mistari. Ikifika mililita 500, hakuna kusubiri: wanakanda tumbo la uzazi, wanampa mama oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) na dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Vyote kwa pamoja. Zamani damu ilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, hasa shuka ikishainyonya.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliojaribu mfuko huu pamoja na matibabu hayo na kuchapishwa 2023, ulifanyika katika hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Uvujaji mkubwa ulipungua kwa asilimia 60. Nilipousoma nilifurahi mno.

Kliniki ijayo waambie historia yako, iandikwe kwenye kadi. Omba kupimwa wingi wa damu mwilini, na usiache vidonge vya madini chuma. Tafadhali, usijifungulie nyumbani.