Taimingi ya tu-stroku hupimwa kwenye pistoni, si kwa sikio

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya pikipiki, msidhani tu-stroku, yaani injini za mipigo miwili, zimeisha. Mjini utaona Boxer na TVS za boda, lakini toka kidogo uelekee Njoro au Molo, ingia kwenye misheni au kwa mzee aliyestaafu idara ya kilimo, utakuta Yamaha DT175 au AG100 imeegeshwa chini ya mabati. Siku moja italetwa kwako na maneno ni yale yale: "Fundi, taimingi imeenda." Taimingi ni ule wakati ambao cheche ya plagi inaruka.

Mara nyingi haijaenda popote. Kabla hujagusa bisibisi, ondoa plagi uitazame, angalia bomba la moshi kama limezibwa na masizi, kisha shika flaiwili (gurudumu zito la sumaku lililo kwenye ncha ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa mikono miwili uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi ya krenki imeisha, na hapo hata ukiset taimingi vizuri namna gani haitakaa, kwa sababu nafasi ya pointi, zile ncha mbili zinazoachana ili cheche iruke, inabadilika kila mzunguko. Sili ya upande huo huo ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada, inachemka na kukohoa, nawe utahangaika na taimingi mchana kutwa bila kosa lake. Na ukiona pointi zimeungua na kuchimbika upesi, shuku kondensa, kile kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue.

Sasa tuseme hayo yote ni mazima. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: tu-stroku iliyowahishwa cheche kupita kiasi huwa tamu. Inaitika resi haraka, mteja anafurahi, fundi anasifiwa. Ndiyo maana fundi wa sikio huzungusha pointi hadi asikie mlio anaoupenda na kufunga. Sikio linampeleka upande wa hatari kila mara. Cheche ikiwahi mno, mchanganyiko unashika moto wakati pistoni bado inapanda, joto na presha vinazidi, injini inaanza kugonga kama changarawe kwenye mkebe, na mwisho wake ni tundu katikati ya kichwa cha pistoni. Ikichelewa nayo haina nguvu, bomba linachemka sana, mafuta yanaliwa bure. Lakini iliyochelewa inalalamika mapema. Iliyowahi inaonekana nzuri hadi inakaribia kuvunjika.

Sisi wa Nakuru tuna mtego wetu. Mji huu uko juu, kama mita 1,850, na hewa ni nyepesi. Injini inapoteza nguvu kiasi, basi mtu anawahisha cheche kidogo ili "ichangamke", na kwa kuwa hewa nyepesi haibanwi kwa presha kubwa, injini inavumilia. Mwenye pikipiki anapita Mau Summit, anapita Kericho, anateremka Awasi hadi Ahero, ghafla yuko chini kwenye joto la Kisumu, mita 1,100 na kitu. Hewa ni nzito, resi imefunguliwa kwenye tambarare, na uvumilivu umekwisha. Weka ile namba ya taimingi iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Kama inakosa nguvu kwa sababu ya mwinuko, tazama kabureta na jeti, usiombe taimingi ifanye kazi isiyo yake.

Namba yenyewe hutolewa kwa milimita: pistoni iwe imebakiza kiasi gani kufika kilele wakati pointi zinapoachana. DT175 ya pointi ni 1.8 mm. Stroku yake ni 50 mm, kwa hiyo hiyo 1.8 ni kama digrii 20 za krenki, na ukikosea 0.2 mm umekosea kama digrii moja. Pikipiki nyingine ina namba yake, itafute kwenye kitabu chake, usihamishe ya jirani. Zile za baadaye za CDI, yaani za cheche ya kielektroniki, hazina pointi kabisa, humo unafuata alama kwenye sahani ya koili.

Msitumie spoku ya gurudumu kutafuta kilele. Najua wengi hufanya hivyo, hata mafundi wakubwa. Pistoni ikikaribia juu haisogei karibu hata kidogo: digrii 5 kabla ya kilele imebakiza kama 0.1 mm tu, na hakuna jicho la kuona hiyo kwenye spoku. Nunua dayali geji, kipimo cha sindano kinachosoma sehemu ndogo za milimita, na kishikio chake kinachofungwa kwenye tundu la plagi. Ya mtumba inatosha, mradi sindano isikwame. Kama tundu la plagi limelala pembeni, geji itadanganya, kwa hiyo fungua kichwa cha silinda upime pistoni moja kwa moja. Ni kazi zaidi, lakini gasketi ni rahisi kuliko pistoni.

Anza na nafasi ya pointi. Kwenye Yamaha hizi ndogo iwe kati ya 0.3 na 0.4 mm zikiwa zimeachana kabisa. Kabla ya kupima pitisha karatasi safi katikati yake, kwa sababu tone la mafuta tu linaharibu kazi nzima. Kisha tafuta njia ya kujua zinaachana lini. Mimi hutumia taa ndogo na betri: waya mmoja kwenye mwili wa injini, mwingine unapitia kwenye taa hadi kwenye springi ya pointi. Zikigusana taa inawaka, zikiachana inazima. Lakini lazima kwanza utenganishe waya wa koili kutoka kwenye pointi. Usipofanya hivyo umeme utapita kwenye koili na taa haitazima hata pointi zikiwa wazi. Vijana wengi hukwama hapo wakadhani pointi ni mbovu. Usiku umeme ukiwa umepotea, karatasi ya sigara iliyobanwa katikati ya pointi inasaidia: ivute taratibu, inapoachiliwa ndipo zimefunguka.

Ukiwa na geji, peleka pistoni kileleni, weka sifuri. Rudisha flaiwili nyuma hadi upite namba, kama 3 mm, halafu ilete mbele polepole hadi 1.8. Usikaribie kutoka upande wa kinyume, maana ulegevu uliomo kwenye mitambo utakupa jibu la uongo. Kama hujui injini inazungukia wapi, kanyaga kiki taratibu huku ukiangalia flaiwili. Taa ikizima kabla ya 1.8, yaani geji bado inasoma 2 na kitu, cheche imewahi: punguza nafasi ya pointi. Ikizima baadaye, ongeza. Nafasi kubwa huwahisha, ndogo huchelewesha. Ukifika 1.8 na nafasi ikatoka nje ya ile 0.3 hadi 0.4, pointi zimelika kisigino (sehemu inayosukumwa na kemu, ule uvimbe unaozifungua), weka mpya.

Ukilazimika kuvua flaiwili, tumia pula, kifaa cha kuivuta itoke. Nyingi za Kijapani zina uzi wa kinyume, kwa hiyo pima mwelekeo kabla ya kukaza. Anayepiga nyundo anapinda krenki na kudhoofisha sumaku. Ukishaivua angalia kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia flaiwili kwenye krenki isihame. Ikikatika nusu, flaiwili inahama, na kwenye flaiwili yenye upana wa sentimita 11 kuhama kwa milimita moja ukingoni ni digrii moja nzima.

Kaza skrubu, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza sahani. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu. Na kama umeweka pointi mpya, mwambie mzee arudi baada ya wiki chache bila malipo, kwa kuwa kisigino kipya hulika haraka mwanzoni, nafasi inapungua na taimingi inachelewa. Andika milimita ulizoacha kwenye kipande cha tepu chini ya kiti, ili fundi atakayefuata asianze kwa kukisia.