Mhusika Mkuu Asiyependeka

SWALI: Mhusika mkuu wa riwaya yangu ni mwanamke anayependa wanawake wenzake. Ni mwongo, mbinafsi, na anamsaliti mpenzi wake. Wasomaji wawili wa mswada waliishia ukurasa wa 30, wanasema hawamwezi. Nimpunguzie ubaya?

JIBU: Hapana. Msomaji humvumilia mtu mbaya, ila hamvumilii asiyetaka kitu. Pitia kurasa 10 za mwanzo, upigie mstari kila mahali anapokitaka kitu mahususi: kazi fulani, sifa, kitanda cha mtu. Mistari isipofika mitatu, tatizo ndilo hilo.

Angalia pia kama unamwombea radhi. Kama kuna sura ya utoto wenye majeraha, inayoeleza kila uongo wake, ikate. Tawanya sentensi mbili tatu tu. Naye mpenzi anayesalitiwa asiwe malaika. Mpe ucheshi na vijihila vyake, la sivyo kitabu kitageuka hati ya mashtaka.

Hatari halisi iko kwingine. Katika riwaya za bei rahisi za Marekani za miaka ya 1950, wanawake wanaopenda wanawake mara nyingi waliishia wazimu, kifo au mikononi mwa mwanamume, kana kwamba mapenzi yenyewe ndiyo kosa. Kwa hiyo jiulize: angempenda mwanamume, angedanganya vilevile? Kama jibu ni ndiyo, kasoro ni yake mwenyewe. Kama sivyo, ongeza mwanamke mwingine mwenye mapenzi kama yake, mwenye tabia tofauti kabisa, na asiwe wa kupita tu.